Mkondo Uliofunga Mlango: Historia ya Viumbe Waliobaki Visiwani

Unguja imepata kuwa na chui. Pemba haikupata kuwa naye. Chui wa Unguja alijulikana hata akaingia katika masimulizi ya kichawi, ikasemwa kuwa wako watu wanaomfuga na kumtuma usiku kwa mahasimu wao. Pemba, ambayo kwa uganga imesifika zaidi ya dada yake, haikuwa na chui wa kufugwa wala wa mwituni. Visiwa hivi viwili vimeshirikiana karafuu na nazi, dini na lugha, furaha na misiba. Mbona basi mnyama huyu awepo hapa na pale asiwepo?

Jibu haliko msituni, bali chini ya maji. Baina ya Unguja na Bara pana masafa ya kilomita thelathini na kitu hadi arubaini, lakini bahari yenyewe ni ya kina kidogo. Sehemu kubwa ya mkondo huo haizidi mita 60 kwenda chini. Baina ya Pemba na Bara masafa hayapishani sana na hayo, ila kina chake ni cha kutisha: mamia ya mita, na mahali pengine hufikia takriban mita 800. Anayetazama kwa juu ataona maji ni maji. Lakini historia ya viumbe haikuandikwa juu ya maji, iliandikwa katika sakafu ya bahari. Na maadam dunia imo katika kupata joto, na viumbe wengi wanalazimika kuhama kufuata hali iliyowazoea, historia hii ya kale inatuhusu leo kuliko ilivyowahusu wazee wetu.

Takriban miaka 20,000 iliyopita dunia ilikuwa katika kilele cha zama za barafu. Maji mengi mno yaliganda na kurundikana katika nchi za kaskazini, na usawa wa bahari ulishuka kiasi cha mita 120 chini ya ulivyo sasa. Toa mita 120 katika mkondo wa mita 60, utapata nchi kavu. Unguja wakati huo haikuwa kisiwa. Ilikuwa ni kilima cha pwani, sehemu ya Bara, na mnyama aliyeko mahali tunapopaita Bagamoyo aliweza kuja hadi mahali tunapopaita Makunduchi bila ya kulowa miguu. Toa mita hizo hizo katika mkondo wa Pemba, na bado yatabaki maji ya kumzamisha mnyama yeyote asiyejua kuogelea au kuruka. Pemba ilikuwa kisiwa hata katika zama ambazo bahari ilijivuta kuliko wakati wote.

Ushahidi wa nchi hiyo iliyozama umehifadhiwa katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani. Humo wamechimba wataalamu wa mambo ya kale, akiwemo Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baada yake jopo jingine ambalo matokeo yake kuhusu wanyama yalichapishwa mwaka 2016. Katika tabaka za chini, za maelfu ya miaka nyuma, ilipatikana mifupa ya wanyama ambao hakuna Muunguja aliyehai anayewahesabu kuwa ni wa kwao: punda milia, nyati, kuro. Watu waliokaa katika pango lile waliwawinda na kuwala. Hawa si wanyama wa kisiwa kidogo chenye maweni na vichaka. Ni wanyama wa mbuga, wenye kutembea makundi kwa makundi wakifuata majani na mvua.

Kisha dunia ikapata joto. Barafu ikayeyuka, bahari ikapanda pole pole kwa maelfu ya miaka, na kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, pengine pungufu kidogo, maji yakakutana pande zote na Unguja ikawa kisiwa. Hapakuwa na siku moja ya mlango kufungwa. Bila shaka palikuwa na karne ambazo mnyama aliweza kupita wakati wa maji kupwa na asiweze wakati wa maji kujaa. Kisha zikaja karne ambazo kupwa na kujaa kukawa hakuna tofauti. Waliokuwa upande wa Bara wakabaki Bara, na waliokuwa upande wa Unguja wakafungiwa Unguja.

Zingatia yaliyowapata. Nyati wa Bara, nyasi zilipoadimika mahali fulani, aliondoka kutafuta pengine. Nyati wa Unguja aliondoka vile vile, akafika ufukweni. Msitu ulipotanda juu ya mbuga, mvua ilipobadilika, eneo lilipopungua, wawindaji walipoongezeka, yeye hakuwa na pa kukimbilia. Wataalamu hawasemi kuwa sababu ilikuwa moja tu. Hali ya hewa, udogo wa nchi na mkono wa mtu huenda vilisaidiana. Hata hivyo, mwisho wa habari haugombaniwi. Punda milia, nyati na kuro walitoweka Unguja, ilhali jamaa zao wapo Bara hadi leo. Bahari haikuwaua. Iliwazuia tu wasiondoke, na hilo lilitosha.

Hilo ndilo somo la kwanza la mkondo. Somo la pili liko Pemba, na linakwenda kinyume.

Kisiwa ambacho kimetengana na Bara kwa muda mrefu mno hakipati wageni wengi, na wale wachache wanaofika hugeuka taratibu wakawa wenyeji wasio na mfano kwingine. Pemba ina ndege wa aina nne ambao hawapatikani popote duniani ila hapo. Mmoja wao ni ninga wa Pemba, na mwingine ni bundi mdogo wa misitu yake. Ina pia popo mkubwa mla matunda, yule ambaye watalii huenda kumtazama Kidike. Popo huyu ni wa ukoo ambao umeenea Asia ya Kusini, Madagaska, Ngazija na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi, na jamaa yake mwingine yupo Mafia. Ukoo mzima huu umevuka bahari kuu kisiwa baada ya kisiwa, ukafika mahali ambapo Bara inakaribia kuonekana kwa macho, na hapo ukakoma. Katika bara la Afrika haupo.

Jambo hili linafaa kufikiriwa na kila anayedhani kuwa kizuizi ni ukuta tu. Aliyeshinda bahari kuu hakushindwa na kilomita hamsini za mkondo wa Pemba. Kilichomzuia ni kitu kingine upande wa pili: pengine popo wengine waliokwisha kushika miti, pengine maadui, pengine namna misitu ya Bara inavyozaa matunda yake. Kwa chui, maji ni ukuta na msitu ni njia. Kwa popo wa Pemba, maji yalikuwa njia na msitu wa Bara ukawa ukuta. Kizuizi basi si sifa ya mahali peke yake. Ni uhusiano baina ya mahali na anayepita.

Dunia ya elimu haikuyajua haya zamani sana. Aliyeyaweka wazi ni Mwingereza Alfred Russel Wallace, mtu ambaye hakupata kusoma chuo kikuu na aliyeishi kwa kukusanya na kuuza vidudu na ndege. Mwaka 1856 alivuka kutoka Bali kwenda Lombok, visiwa vya Indonesia ambavyo baina yao hapafiki hata kilomita arubaini, akashangaa kuona kuwa ndege wa upande mmoja si wa upande wa pili: huku ndege wa Asia, kule ndege wenye nasaba na Australia. Wallace aliangalia vina vya bahari akafahamu. Penye maji ya kina kidogo palikuwa na nchi kavu zamani, na viumbe hufanana. Penye kina kirefu hapakuwa na njia, na viumbe hupishana. Mwaka 1880 alichapisha kitabu kizima kuhusu maisha ya visiwani, akitenganisha visiwa vilivyomeguka kutoka bara na vile ambavyo havikuwahi kushikana na nchi yoyote. Kwa kipimo chake hicho, tofauti ya Unguja na Pemba ni mfano ambao angeupenda sana.

Wala si bahari tu yenye kufunga mlango. Katika karne hiyo hiyo ya 19 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Asa Gray, alijiuliza kwa nini misitu ya Ulaya ina aina chache za miti kuliko misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, ilhali mabaki ya kale yaonesha kuwa Ulaya nayo ilikuwa na mimagnolia na jamaa zake. Jibu lilikuwa katika mwelekeo wa milima. Miti haitembei, lakini mbegu husafiri, na kwa vizazi vingi msitu huweza kuhama. Barafu ilipokuja kutoka kaskazini, misitu ya Amerika ilisogea kusini pasipo na cha kuizuia, kwa kuwa milima ya Appalachian imelala toka kaskazini hadi kusini. Ulaya milima ya Alps na Pyrenees imelala toka mashariki hadi magharibi, na nyuma yake iko bahari ya Mediterania. Misitu ilibanwa katikati, na miti mingi haikurudi tena. Mlima ule ule ungekuwa ngazi kama ungelala upande mwingine.

Basi tuje katika zama zetu. Kutoka kilele cha barafu hadi hali tuliyoizoea, dunia ilipata joto la kiasi cha nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, na mabadiliko hayo yalichukua takriban miaka 10,000. Sasa, tangu mwishoni mwa karne ya 19, imeshapata zaidi ya nyuzi 1. Ukigawa kwa karne, mwendo wa leo ni zaidi ya mara kumi ya ule wa kale. Na viumbe wameshaanza safari. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2011 ulikusanya taarifa za aina nyingi za wanyama na mimea na kukuta kuwa kwa wastani wanasogea kuelekea ncha za dunia kilomita 17 hivi kila muongo, na kupanda milimani mita 11 hivi kila muongo. Viumbe wa baharini, ambao njia yao haina uzio, wamekutwa wakienda kwa kasi kubwa zaidi kuliko wa nchi kavu.

Mtu wa nchi za baridi akisikia hayo huona kuwa njia ipo: kwenda kaskazini. Sisi wa karibu na ikweta hali yetu ni nyingine. Ukitoka Unguja ukaelekea kaskazini au kusini mamia ya kilomita, joto la pwani halipungui kwa maana. Katika nchi za joto njia ya karibu ya kufikia ubaridi ni kupanda mlima, kwani kila mita 100 hupunguza joto kwa kiasi cha sehemu sita za kumi za nyuzi moja. Kiumbe wa chini ya Usambara anaweza kupanda, kwa muda, hadi atakapofika kileleni. Lakini kilima kirefu cha Unguja, kule Masingini, hakifiki mita 150, na Pemba hakuna kinachozidi hapo. Mnyama wa Unguja akipanda hadi mwisho wa nchi yake atakuwa amejipatia ubaridi usiofika nyuzi moja. Baada ya hapo iko mbingu.

Mwenye kuhusika zaidi katika habari hii ni kima punju. Wazungu walimpa jina la kitaalamu mwaka 1868 kwa kumkumbuka John Kirk, tabibu na mwanabotania aliyekuja baadaye kuwa balozi wa Uingereza Unguja. Lakini mnyama alikuwepo hapa maelfu ya miaka kabla ya balozi yeyote. Wazazi wake walikuja wakati msitu na nchi vilipokuwa vimeshikana na Bara. Jamaa yake wa karibu leo yuko mbali sana, katika milima ya Udzungwa. Pwani yote iliyo baina yao haina kima wa ukoo huo. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2017 ilipata kima punju wasiozidi 5,900 hivi, wengi wao katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, na katika mashamba na maweni ya jirani zake. Msitu wa Jozani wenyewe uko bondeni, miguu yake imo katika maji ya ardhini, na bahari haiko mbali. Chumvi ikizidi kupenya chini, miti inayomlisha kima ndiyo itakayoonja mwanzo.

Hapo ndipo penye ugumu ambao nyati wa Kuumbi hakuujua. Yeye alifungiwa na bahari tu. Kima punju amefungiwa na bahari, na ndani ya bahari amefungiwa tena na watu. Kuna barabara inayokata Jozani, ambako kima wengi walikanyagwa na magari mpaka yakawekwa matuta. Kuna mashamba, makaa, chokaa, viwanja, kuta za hoteli. Mnyama wa mitini asiyependa kushuka chini huona uwanda mtupu wa mita mia chache kama sisi tunavyoona mkondo wa Nungwi siku ya upepo. Paa nunga hali yake ni kama hiyo: yupo Unguja, na yupo kaskazini mwa pwani ya Kenya, na baina ya vipande hivyo viwili hakuna kinachounganisha. Kila kipande kinaikabili hali ya hewa mpya peke yake.

Atasema msomaji: kama hawawezi kuvuka, si tuwavushe sisi? Swali hili si geni, na visiwa vyetu vilikwisha kulijibu kwa vitendo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kima punju wachache walichukuliwa Unguja wakapelekwa msitu wa Ngezi, Pemba. Hawakufa wote, kizazi chao kilionekana huko miongo mingi baadaye, lakini kikiwa kidogo, hakikuenea wala kushamiri. Paa nunga nao walipelekwa Chumbe na Mnemba. Hayo yalifanywa kwa nia ya kuokoa. Lakini kumbuka na kunguru. Katika miaka ya 1890 waliletwa Unguja kunguru kutoka India ili wasafishe taka za mji. Walizisafisha, kisha wakasafisha na viota vya ndege wengine, wakavuka hadi Bara, na leo hakuna mji wa pwani usiojua ukelele wao. Aliyewavusha hakukusudia shari.

Mfano mkubwa zaidi uko Misri. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, ukuta wa mchanga baina ya Bahari ya Shamu na Mediterania ulipasuliwa kwa ajili ya merikebu. Samaki nao wakapita. Miongoni mwao walikuwa aina mbili za tasi, ndugu wa huyu tunayemla kwa mchuzi wa nazi. Kadiri Mediterania inavyopata joto, wageni hawa wanazidi kwenda magharibi, na katika pwani za mashariki mwake wamekula mwani hadi miamba ikabaki mitupu. Kwa tasi mlango ulifunguka; kwa wenyeji wa pale ulifunguka mlango wa balaa.

Kwa hiyo si kila kizuizi ni adui, na si kila kukivunja ni ihsani. Bahari iliyowamaliza nyati ndiyo iliyompa Pemba ninga wake. Na mkondo huu huu wa Pemba, uliomnyima chui njia, una neema nyingine ambayo haikujulikana mpaka karibuni. Mwaka 2020 mtafiti wa matumbawe Tim McClanahan alichapisha matokeo yanayoonesha kuwa bahari iliyo baina ya kusini mwa pwani ya Kenya na kaskazini mwa pwani ya Tanzania ina matumbawe yaliyostahimili joto kuliko sehemu nyingi, na sababu mojawapo ni maji ya baridi ya kilindi yanayopanda katika mikondo mirefu. Kina kilichokuwa ukuta kwa wa nchi kavu kimekuwa kimbilio kwa wa majini.

Tunaloweza kulipambanua, basi, ni hili. Viko vizuizi vilivyowekwa na Mwenyezi Mungu kwa mamilioni ya miaka, na viumbe wamejifunza kuishi kwa mujibu wake. Hivi tusiviguse ila kwa hadhari kubwa. Na viko vizuizi tulivyoviweka sisi juzi, ndani ya umri wa mtu mmoja. Hivi hakuna kiumbe aliyepata nafasi ya kuvizoea, na hivi viko katika uwezo wetu kuviondoa. Hatuwezi kuiambia bahari irudi chini mita 120. Tunaweza kuacha ukanda wa miti usiokatwa kutoka Jozani hadi misitu ya maweni ya kaskazini, hata Kiwengwa. Tunaweza kuinusuru mikoko, ambamo kima punju hula na kupita. Tunaweza kuyaacha matuta ya barabarani hata kama dereva ananung'unika.

Na kwamba jambo hili lawezekana, Pemba imekwisha kuonesha. Kuelekea mwisho wa karne ya 20 popo wake walikuwa wamewindwa na kupunguziwa miti hadi ikahofiwa kuwa watakwisha. Wanakijiji wenyewe wakaunda vikundi vya kulinda miti wanayolala, na popo wakarejea kwa maelfu. Hakuna aliyewavusha popote. Waliachiwa mahali pao, na mahali pao pakawatosha.

Waliokaa pango la Kuumbi hawakujua kuwa bahari inakuja. Hata wangelijua, wasingeliweza kumwonesha nyati njia ya kurudi Bara. Sisi tunajua, na njia zilizobaki ndani ya kisiwa chetu tunazijua kwa majina.